Je, Wajua? Watu 83,193 Walilipia Mchezo Ambao Haujatengenezwa

Je, wajua kuwa mwaka 2020 watu 83,193 walitoa dola 12,969,608 kununua mchezo wa mezani ambao ulikuwa bado haujatoka kiwandani? Mchezo wenyewe unaitwa Frosthaven. Sanduku lake lina zaidi ya kilo 15, kwa hiyo likishuka na ndege hapa Ibadakuli, usijifanye shujaa wa kulibeba kichwani hadi Shinyanga mjini. Ita bodaboda.

Walilipaje kitu ambacho hakipo? Kwa mchango, ndugu yangu, kama ule wa harusi! Kuna mtandao wa Marekani uitwao Kickstarter, ulioanza tarehe 28 Aprili 2009. Mwenye wazo anataja kiasi anachohitaji na watu wanaahidi, na kiasi kisipotimia hakuna anayekatwa hata senti. Kama umewahi kupewa kadi ya mchango iliyoandikwa "double" huku mfukoni una hela ya "single", somo zima umeshalielewa.

Ila harusi ina tarehe. Frosthaven iliahidiwa kwa Machi 2021, na wachangiaji wengi wakaja kuliona sanduku mwishoni mwa 2022 na mwaka 2023. Pilau ingekuwa imeota ukungu!

Usidhani hao ni wachache wenye bahati mbaya. Profesa Ethan Mollick wa Marekani alichunguza michango ya Kickstarter na mwaka 2014 akachapisha alichokikuta: zaidi ya asilimia 75 ya bidhaa zilizoahidiwa zilichelewa. Robo tatu, msomaji! Ukifika kwa wakati kwenye biashara hii, wewe ndiye kioja.

Mwaka 2015 Mollick huyohuyo aliuliza wachangiaji zaidi ya 47,000 kama walipata walichoahidiwa. Jibu: miradi 9 katika kila 100 iliyofikisha kiasi haikutoa ilichoahidi. Mimi nilitegemea nusu nzima, nikashangaa kwa furaha. Wengi wanapata mzigo wao, tena wanaupata wakiwa wameshausahau.

Sasa shika hii kwa mikono miwili. Mchezo wa Kingdom Death: Monster, toleo la 1.5, ulipata dola milioni 1 ndani ya dakika 19 tu, mwezi Novemba 2016. Ulipofungwa Januari 2017 ulikuwa na dola 12,393,139 kutoka kwa watu 19,264. Gawanya: kila mtu alitoa wastani wa dola 643. Dola ukiihesabu kwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.6 kwa kichwa, na ni kwa ajili ya vinyago vya plastiki ambavyo unaviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe!

Na walisubiri? Walisubiri sana. Miaka 5 baada ya kutoa hela zao, baadhi ya vitu vya nyongeza walivyolipia vilikuwa bado havijafika.

Linganisha na paka hawa. Mwaka 2015 mchezo wa karata wa Exploding Kittens uliomba dola 10,000 tu. Ukapata dola 8,782,571 kutoka kwa watu 219,382, wastani wa dola 40 kila mmoja, na mwaka huohuo karata zikaanza kuwafikia wenyewe. Siri yake haina uchawi: sanduku dogo, karata tupu, hakuna sanamu wala mbwembwe.

Unajua kutoa hela kwanza na kungoja baadaye si jambo geni kwetu ukanda huu? Uliza yeyote aliyewahi kudhamini duara la wachimbaji Nyarugusu au Mgusu kule Geita. Unalisha vijana, unanunua vifaa, wanashuka chini wiki hadi wiki, na siku ya mgao unahesabiwa viroba vya mawe. Karasha ikishasaga, ndipo utajua kama ulidhamini dhahabu au kokoto.

Na huu ndio mchango wa kihistoria ambao mtandao wowote ungeuonea wivu. Mwaka 1955 wanachama wa TANU walichangishana hela ili Julius Nyerere asafiri kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai Tanganyika iwekwe kwenye njia ya kujitawala. Tarehe 9 Desemba 1961 mzigo ukafika. Miaka 6 na ushee, na sijasikia mchangiaji hata mmoja aliyedai kurudishiwa chake!

Wamarekani nao walianza zamani. Sanamu yao ya Uhuru ilikosa mahali pa kusimama New York kwa sababu fedha za kujenga kitako chake zilikuwa zimekauka. Mwaka 1885 mwenye gazeti, Joseph Pulitzer, akaitisha mchango, na ndani ya miezi 5 watu zaidi ya 120,000 wakatoa zaidi ya dola 100,000. Wengi wao walitoa chini ya dola 1. Kuna watoto waliopeleka senti zao.

Haya, turudi kwenye masanduku. Je, wajua kuwa serikali ya Marekani ilipoamua kwa mara ya kwanza kumshtaki mtu kwa kula hela za mchango wa mtandaoni, kesi ilihusu mchezo wa mezani? Kaa vizuri, hii ni tamu.

Mchezo uliitwa The Doom That Came to Atlantic City. Mwaka 2012 Erik Chevalier aliomba dola 35,000, watu 1,246 wakampa dola 122,874. Waliotoa dola 75 na zaidi waliahidiwa nakala ya mchezo pamoja na vinyago vya madude yanayobomoa mji. Mwaka 2013 akatangaza kuwa mchezo umekufa. Mamlaka ya biashara ya Marekani ilipochimbua, ikadai hela nyingi zilikwenda kwenye kodi ya nyumba yake, gharama za kuhamia jimbo la Oregon, vifaa binafsi na leseni za mradi mwingine kabisa!

Juni 2015 shauri likamalizika kwa makubaliano. Akaandikiwa deni la dola 111,793.71, na usisahau hizo senti 71, lakini malipo yakasimamishwa kwa sababu hakuwa na kitu cha kulipa. Wachangiaji wakatoka mikono mitupu? Hapana! Kampuni nyingine iitwayo Cryptozoic, ambayo haikula hata senti moja ya ule mchango, ilijitolea kuutengeneza mchezo huo na kuwapelekea wachangiaji nakala zao bure. Ukiniuliza mimi, hao ndio walistahili kuchangiwa tangu mwanzo.

Kuna kituko kingine cha kukutoa jasho. Mwaka 2020 kampuni ya Mythic Games ilikusanya zaidi ya dola milioni 5.6 kutengeneza mchezo wa mezani wa Darkest Dungeon. Mwaka 2022 ikarudi kwa watu walewale: ongezeni hela, gharama zimepanda. Ni sawa na kamati ya harusi iliyokwisha kuchukua "double" yako, halafu inagonga mlango tena kudai ya jenereta.

Tuwe wakweli lakini: gharama zilipanda kwelikweli. Kabla ya korona, kontena la futi 40 kutoka China hadi pwani ya magharibi ya Marekani lilisafirishwa kwa chini ya dola 2,000. Septemba 2021 bei ilivuka dola 20,000. Mara kumi, bwana wee! Na michezo hii mingi hutengenezwa viwandani China, ikapakiwa melini, ikazunguka nusu ya dunia.

Kana kwamba hiyo haitoshi, tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given ilijipachika kwa ubavu katika mfereji wa Suez. Urefu wake ni mita 400, na ilikwama siku 6. Nyuma yake zilipanga foleni meli mamia, na mahali fulani kwenye foleni ile bila shaka palikuwa na dadu za mtu.

Sasa swali lako najua: je, hayo matoleo ya kifahari yanastahili hela yake? Sikiliza kisa cha Ogre. Mwaka 1977 Steve Jackson wa Marekani alibuni mchezo huu mdogo wa vita, ukauzwa dola 2.95, ukaingia mfukoni. Mwaka 2012 kampuni yake ikaomba dola 20,000 kutoa toleo la kifahari, ikapewa dola 923,680, na sanduku likavimba hadi kuzidi kilo 11. Sheria za mchezo ni zilezile za mfukoni! Mchezo haukunenepa, ni sanduku tu.

Upande wa pili kuna Gloomhaven, na huu siusemi vibaya. Ulichangiwa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa dola 386,104, una karibu kilo 10, kadi zaidi ya 1,700 na mapambano 95 yaliyounganishwa kwa hadithi moja ndefu. Kwenye orodha kubwa kuliko zote ya wapenzi wa michezo ya mezani duniani, ulikalia kiti cha kwanza tangu mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2023. Miaka 5 kileleni! Hapo wachangiaji walipata zaidi ya walichotoa.

Na ni nani aliyeuangusha? Brass: Birmingham, mchezo wa viwanda na mifereji ya Uingereza. Nao ulizaliwa kwa mchango, mwaka 2017! Toleo lake la kifahari lilikuja na chipu nzito za kuhesabia hela, na wanaozimiliki huzichezesha mkononi hata wakati si zamu yao.

Mmoja wa waandaaji wa michango hii alifanya jambo ambalo sijaona kamati yoyote ya harusi ikilithubutu. Jamey Stegmaier wa kampuni ya Stonemaier aliwaambia wachangiaji: ukipokea mchezo ukaona haukufai, urudishe, nikupe hela yako. Mwaka 2015 mchezo wake wa Scythe ulipata zaidi ya dola milioni 1.8. Kisha akaachana kabisa na Kickstarter, akaamua kutengeneza kwanza na kuuza baadaye. Amefanya la maana.

Jiulize pia: yupi mwenye wazo anaruhusiwa kuchangisha huko? Kickstarter ina orodha ya nchi ambazo wakazi wake wanaweza kufungua mchango, na kwa miaka mingi nchi za Afrika hazikuwemo. Wewe wa Shinyanga uliruhusiwa kutoa, si kupokea. Hapo cheka au nuna, shauri yako.

Unadhani anasa kwenye mchezo ni ya juzi? Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake mlikuwa na mbao za kuchezea senet, mchezo wa miraba 30. Iliyo nzuri kuliko zote ni ya mti mweusi na pembe za ndovu. Na mti mweusi ambao Wamisri wa kale waliuagiza kutoka kusini ni mpingo, mti uleule tunaouchonga Tanzania! Farao alikaa nao kaburini zaidi ya miaka 3,000.

Kama unataka anasa ya mwisho kabisa, hii hapa. Mwaka 1988 sonara Sidney Mobell wa San Francisco alitengeneza Monopoly yenye ubao wa dhahabu ya karati 23. Mabomba ya moshi ya nyumba zake yana rubi na yakuti, na vitone vya dadu zake mbili ni almasi 42. Thamani yake ilitajwa kuwa dola milioni 2. Wachimbaji wa Geita na Mwadui, mnasikia? Dhahabu na almasi za mchezo huo ni vitu vilivyoko chini ya miguu yenu.

Na tukiwa Mwadui hapohapo: mwaka 1947 mgodi ule wa John Williamson ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi, ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Hebu niambie, huo mchango wa harusi ni single au double?

Basi, sasa tuje kwenye mchezo wetu. Wasukuma wanauita isolo, Waganda omweso, Wanyarwanda igisoro, na pwani ni bao. Hesabu popote hapo: safu 4 za mashimo 8, kete 64. Waomani wana ndugu yake aitwaye hawalis, mwenye mashimo 7 kwa safu. Ubao mmoja, familia nzima ya Afrika Mashariki na jirani wa ng'ambo!

Je, wajua kuwa bao la Kiswahili unalianza ukiwa na kete 10 tu ubaoni? Sita zinakaa kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Unanamua kete moja baada ya nyingine hadi zote ziishe, ndipo mnaingia hatua ya mtaji, na hapo ndipo wanaume wazima hunyamaza. Mtoto anaanza na bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, mashimo 16 ya upande wake, jumla 32. Hakuna kitabu cha maelekezo cha kurasa 50, kuna babu.

Na kete zenyewe! Zile za komwe, mbegu ngumu za kijivu, zinaelea. Mbegu za jamii hiyo husafiri baharini hadi zikatupwa na mawimbi kwenye fukwe za Uskoti. Hakuna kontena, hakuna Suez, na nauli ni bure.

Umri wa bao je? Pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, kuna safu za mashimo ya bao zilizochongwa kwenye mwamba. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba eneo hilo mwaka 1937. Sanduku la mchezo huo lina tani nyingi kuliko Frosthaven, na halijawahi kuchelewa kufika.

Usidhani ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Na Mholanzi Alex de Voogt alijifungia na mabingwa wa Zanzibar kutafiti namna wanavyopiga hesabu kichwani, akatoa tasnifu ya shahada ya udaktari kuhusu ubingwa wa bao mwaka 1995. Bingwa huona kete zitakapoishia kabla hajaziinua. Wewe na mimi tunainua kwanza, kisha tunaomba Mungu.

Drafti nayo usiisahau. Miraba 64 kwenye kipande cha mbao, vizibo 24 vya soda: wewe 12 vya Fanta, mwenzako 12 vya Coca-Cola. Soda umeshakunywa, kwa hiyo toleo hili huja na kiburudisho ndani yake. Lipi lingine la kifahari linafanya hivyo?

Kwa hiyo ukiona tangazo mtandaoni linakuomba dola 150 kwa sanduku lenye vinyago vya kutisha, tazama kwanza kama wenyewe wameshawahi kufikisha mzigo, kisha kama sheria za mchezo zimewekwa wazi uzisome kabla ya kutoa. Nahisi waliopata walichotaka, mara nyingi walitazama sheria; waliolia, wengi walitazama picha. Na ukishatoa, nunua subira ya miaka 2.

Wakati unasubiri, Ibadakuli hatukosi ubao wala komwe. Njoo jioni, kete 32 ni zako, 32 ni zangu, na aliyefungwa analipa soda. Vizibo tutavitunza kwa drafti.